Kisiwa Gani Twende, na kwa Karatasi Zipi

Wengi wetu hapa Kampala tunapopanga likizo ya visiwani huanza na bei ya tiketi, ilhali mimi naona inafaa kuanza na masharti ya kuingia. Shelisheli haimdai Mganda viza, lakini humtaka aombe kibali mtandaoni kabla ya kupanda ndege, akionyesha tiketi ya kurudi na mahali atakapolala. Zanzibar ni rahisi zaidi kwa raia wa Afrika Mashariki, mradi abebe pasipoti.

Ninalolisisitiza kwa kila ndugu ni kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Uganda imo katika ukanda wa homa ya manjano, na cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, hivyo anayechanjwa wiki ya safari amechelewa. Tangu Julai 2016 kinatosha maisha yote. Tafadhali hakikisheni jina lililoandikwa kwa kalamu kwenye kadi linalingana na la pasipoti herufi kwa herufi.

Mimi nimechagua Nungwi, kaskazini mwa Zanzibar, ambako maji yakipwa hayaendi mbali kama Paje, pwani yake ya mashariki. Asiye na pasipoti ana visiwa vya Ssese, hapa hapa Uganda katika Ziwa Victoria, kwa kivuko cha Nakiwogo, Entebbe.