Glukosi na somo wake
Wiki nzima nimekariri njia ambayo mwili hutengeneza glikojeni, ule mnyororo mrefu wa sukari ya glukosi unaowekwa akiba, bila kuambulia kitu. Jana usiku, nikiwa na kiporo changu cha ugali, ndipo ikaniingia: glukosi yenyewe haiwezi kujiunga na mnyororo. Lazima kwanza ishikwe mkono na UDP, molekuli ndogo ya kuibeba, kama bibi harusi na somo wake. Ikishafikishwa, UDP huyo anakwenda zake. Aliyegundua glukosi iliyoshikwa na UDP ni mwanasayansi Luis Leloir, kule Buenos Aires, akapewa Nobel ya Kemia mwaka 1970. Kumbe mwenzetu alikuwa akihangaika na galaktosi, ile inayotokana na sukari ya maziwa! Nayo hugeuzwa kuwa glukosi ikiwa imeshikwa na UDP yuleyule. Mtihani ni Jumatatu. Niombeeni, jamani.