Jua Likiwa Mgongoni: Picha za Jioni Jambiani

Anayetaka picha ya jua likizama baharini hapa Unguja hana budi kwenda upande wa magharibi, Forodhani, Kendwa au Nungwi, na huko atakuta watu wamekwisha kujipanga, simu zimeinuliwa, wakisubiri jahazi lipite mbele ya jua. Ni picha nzuri, ila imepigwa mno. Mimi hupendelea Jambiani, pwani ya mashariki, ambako jua huchwea nyuma ya minazi. Wengi huniambia kwamba kule jioni hakuna picha. Wao wanalitafuta jua lenyewe, nami natafuta linachokiangazia.

Kuanzia saa kumi na moja hivi, kivuli cha minazi na nyumba huanza kutambaa juu ya mchanga kuelekea majini, hata ufukwe wote ukawa kivulini, ilhali ngalawa zilizotia nanga mbele kidogo bado zinapigwa na jua sawasawa. Tanga la ngalawa inayorudi wakati huo linafaa kutazamwa kwa karibu. Viraka vyake huonekana kimoja kimoja, mishono yake inahesabika, na kiraka kipya cheupe hung'aa kando ya vile vikuukuu vilivyokwisha kugeuka rangi ya kahawia. Tanga hilohilo, likipigwa picha upande wa magharibi dhidi ya jua, lingekuwa pembetatu nyeusi tu.

Kazi ya kamera hapa si kubwa, lakini ina mitego. Ikiona kivuli kingi sehemu ya chini ya picha, kamera huongeza mwanga yenyewe, na weupe wa tanga ukaungua; kwa hiyo napunguza mwanga kwa hatua moja, yaani kwa nusu, maana katika faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata, kivuli huweza kuinuliwa baadaye, lakini weupe ulioungua haurudi. Mizani ya rangi naiweka kwenye jua la mchana, kwa kuwa ikiachwa ijipange yenyewe hudhani ule umanjano wa jioni ni kasoro na kuupunguza. Kichujio cha polaraiza, kile cha kupunguza mng'ao na kukoleza buluu ya anga, ambacho wengi hawatoki bila hicho, hakina faida kubwa kwa anga lililo mbele yetu, kwani nguvu yake huwa kwenye nyuzi 90 kutoka jua lilipo, na sisi jua tumeliacha nyuma.

Jambo kubwa zaidi kuliko kamera ni maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika maeneo haya hufikia karibu mita 4, na maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Maana yake ni kwamba ule uwanda mpana wa mchanga, wenye mashamba ya mwani na akina mama wakiwa kazini, haukutani kamwe na mwanga wa machweo; ni picha ya asubuhi, na kwa vyovyote haipigwi kabla ya salamu na ruhusa yao. Kupwa kunakoangukia jioni ni kwa maji mafu, yaani ya siku za nusu mwezi, ambayo hayatoki sana, lakini huacha ukanda wa mchanga wenye mikunjo na vidimbwi, kila kidimbwi kikiwa na kipande chake cha anga. Kwa hiyo naangalia kwanza tarehe ya mwezi, kisha hali ya mawingu.

Muda nao ni mfupi. Huku karibu na ikweta jua hushuka takriban wima, likazama kwenye saa kumi na mbili na robo mwezi Juni na karibu saa moja kasorobo mwezi Februari, na baada ya hapo mwanga wa kutosha hubaki kadiri ya dakika 20. London, katikati ya kiangazi, mpigapicha hupewa zaidi ya dakika 40. Kwa sababu hiyo stendi ya miguu mitatu huwa nimekwisha kuikita, ikachimbiwa vizuri, kwani wimbi linaporudi huuchukua mchanga chini ya miguu yake na picha ya sekunde kadhaa ikatikisika. Wakati wa kusi, upepo huleta chumvi moja kwa moja kwenye lenzi, na kitambaa kikavu hakitoshi. Nachukua viwili, kimoja nikakilowesha maji baridi, yasiyo ya chumvi.

Jua likishazama, wengi hufunga mikoba, na hapo ndipo upande wa mashariki unapoanza. Juu ya upeo wa bahari hupanda ukanda wa buluu iliyofifia, ambao ni kivuli cha dunia yenyewe kikianguka angani, na juu yake ukanda wa waridi. Atakayetaka mwezi ndani ya picha hiyo aende siku moja kabla haujawa mpevu. Siku hiyo hutoka baharini jua likiwa bado halijazama, na mwanga wake hulingana na ule wa ngalawa na maji. Kesho yake huchelewa kwa takriban dakika 50, nchi ikiwa imeanza kuingia giza, na mpigapicha hulazimika kuchagua: ama mwezi uwe duara jeupe lisilo na alama yoyote, ama ngalawa zipotee.