Upepo wa tezi

Februari 2020, kaskazi ikivuma, nilikuwa likizo kwetu Ngamiani, Tanga. Jioni moja, kwenye baraza ya kahawa, nikawasomea wazee habari kutoka kwenye simu: Boeing 747 ya British Airways imetoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Ni safari ya kilometa 5,500 na ushei, na kwa kawaida huchukua saa sita na kitu.

"Waongo hao," akasema Mwalimu, mstaafu wa hesabu aliyefundisha nusu ya mtaa. "Kilometa ni zilezile, injini ni ileile. Hizo saa zimekwenda wapi?"

Nikajaribu kueleza kwamba juu huko, kama kilometa kumi kutoka ardhini, upo mkondo wa upepo unaokwenda kasi kutoka magharibi, na siku zile dhoruba waliyoiita Ciara ilikuwa inavuma upande huo, ndege ikafika zaidi ya kilometa 1,280 kwa saa. Nilijitia ujuzi tu. Ndege niliyokuwa nimepanda mimi ni ile ndogo ya Pemba, ambayo hujakaa vizuri unaambiwa mnatua.

Aliyenielewa ni nahodha mmoja mzee, majahazi yalishamstaafisha zamani.

"Kapata upepo wa tezi, wa kumsukuma kutoka nyuma," akasema. "Mwalimu, mimi Lamu nikienda na kusi nafika bado nina maji ya kunywa. Nikienda na kaskazi hii, napiga bisho, nakwenda mshazari huku na huku kuukabili upepo, mpaka mabaharia wananinunia. Lamu imehama?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akaomba kalamu, akachana ubavu wa boksi la sigara, akaanza kuandika huku anasema kwa sauti, kama yuko ubaoni.

"Haya, upepo upo. Lakini ukikupa kwenda, utakunyang'anya kurudi. Mwisho wa safari ni sawasawa, hakuna faida wala hasara."

Ndege akaipa kilometa 900 kwa saa, upepo 150. Kwenda, 1,050: saa 5 na dakika 14. Kurudi, 750: saa 7 na dakika 20. Akajumlisha. Akakata, akajumlisha tena. Bila upepo, kwenda na kurudi ni saa 12 na dakika 13. Pamoja na upepo, saa 12 na dakika 34.

"Zimepotea dakika 21," akasema, anakitazama kile kipande cha boksi kwa hasira.

"Hazijapotea," nahodha akamjibu, mkono ukienda kwenye kashata. "Ule wa tezi unakupitisha haraka, unakaa nao kidogo. Wa omo, unaokupiga usoni, ndio unakaa nao saa saba. Utakuwaje sawa?"

Mwalimu akapiga hesabu upya, safari hii kwa upepo wa 200. Hasara ikazidi. Akalipia kahawa ya baraza nzima, lakini kashata za nahodha alikataa katakata kuzilipia.