Bolti za keria

Keria ya baskeli nnayo tangu wiki iliyopita. Yakhe, kumbe shughuli iko kwenye bolti!

Leo baada ya Alasiri nikapita Darajani, duka la vyuma. Ami muuzaji akanimwagia kopo zima mezani. Zote zinang'aa, zote eti "stenlesi", chuma kisichoshika kutu.

Akatoa sumaku ya spika kuukuu. Bolti ya kwanza ikaruka, ikanasa.

"Hii imepakwa rangi ya fedha tu, mwanangu. Kwa chumvi ya huku, masika haiyafikii."

Ya pili ikavutwa kidogo sana, ikateleza zake. Nikaigeuza kwenye mwanga: kichwani imeandikwa A4-70. Hiyo A4 ndiyo wanayofungia vyombo vya baharini, inastahamili maji chumvi kuliko A2, ile stenlesi ya kawaida.

Matundu ya fremu yangu ni ya M5, yaani bolti ya unene wa milimita 5, spana namba 8. Kuna fundi alitaka kuyatoboa ziingie M6. Athubutu!

Urefu nao una mambo yake. Upande wa gia bolti isichomoze ndani, itakwaruza mnyororo. Na penye nati nimechukua zile zenye plastiki ndani, maana kwa mashimo ya njia yetu, nati ya kawaida inajifungua yenyewe.

Bei sisemi. Sikupunguziwa hata mia.

Haya, nyie mnaobeba madumu na magunia ya mbata, mnafungia bolti gani? Na meno yake mnapaka grisi au mnakaza kavu kavu?