Kashmau kwa Upande wa Mgongoni

Nilifika Ufa, mji mkuu wa Jamhuri ya Bashkortostan nchini Urusi, kwa treni kutoka Moscow, nikiwa na nia moja tu: kuyaona kwa macho mapambo ya wanawake wa Kibashkiri, ambayo kwa muda mrefu nilikuwa nikiyatazama pichani. Mji huo umekaa juu ya vilima vilivyo kando ya mto Belaya, ambao Wabashkiri wenyewe huuita Agidel. Mandhari yake ni ya kupendeza, lakini sikuyapa muda. Nilielekea moja kwa moja makumbusho.

Nyuma ya kioo palikuwa na sanamu ya mwanamke aliyevikwa kashmau, kofia ya mke wa mtu, inayobana kichwa na kuachwa tundu la mviringo utosini. Kofia yote imefunikwa kwa marijani nyekundu na sarafu za fedha, na juu ya paji la uso huning'inia safu ya vipande vidogo vya fedha. Kifuani alivaa selter, pambo pana lililoshonewa juu ya kitambaa kigumu, ambalo sehemu yake ya chini ni wavu wa marijani wenye sarafu pembeni. Nilisimama hapo hadi mlinzi akaanza kunitazama kwa shaka. Hata hivyo sikuridhika, kwa sababu sanamu ilikuwa imeegemezwa ukutani, na nilikuwa nimesoma kwamba kashmau ina mkia unaoshuka mgongoni. Kumwonyesha mwanamke huyo kwa mbele tu ni kuificha nusu ya kazi.

Kwa hiyo nilivuka milima ya Ural kwa gari, kupitia Beloretsk, hadi wilaya ya Abzelil upande wa kusini-mashariki, ambako marijani ilipendwa kuliko mahali pengine. Njiani ni misonobari na vilima, kisha ghafla nyika inafunguka. Katika kijiji kimoja kisicho mbali na Askarovo nilipokewa na mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita apai kwa heshima. Niliposalimia kwa “Assalamu alaikum” aliitikia kwa ukamilifu, akatutilia chai yenye maziwa, na baada ya mazungumzo marefu akafungua sanduku.

Alimvisha mkwewe. Kwanza selter, ambayo uzito wake ulimfanya binti yule anyooshe mgongo bila kuambiwa, kisha kashmau, na mwisho sulpy, vipande vya fedha vinavyofungwa kwenye mashungi ya nywele na kulia kila anapopiga hatua. Apai alieleza kwamba wazee waliamini mlio huo, pamoja na wekundu wa marijani, hufukuza kijicho. Kisha akamgeuza mkwewe.

Mkia ulianzia kisogoni ukashuka hadi chini ya kiuno, mwembamba kiasi cha upana wa kiganja, umejaa shanga za rangi, ukiishia kwa matamvua. Na katikati yake, zimepangwa safu kwa safu, zilikuwa kete. Mimi niliyekulia pwani nilizitambua kabla sijaelezwa: kete zilezile zinazookotwa kwenye miamba ya Bahari ya Hindi maji yanapokupwa. Marijani ilitoka Mediterania na sarafu zilitoka kwa watawala wa Urusi, nyingi zikiwa na tai mwenye vichwa viwili. Kete nazo zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi hadi kufika nchi hii isiyo na bahari. Karibu hakuna kilichozaliwa hapa, ila mpangilio, na mpangilio huo ni wa wanawake wenyewe, kwani ndio waliotunga na kushona.

Nilitaka kujua kwa nini mapambo ya zamani ni machache vijijini. Mengine yalichukuliwa na watafiti mapema katika karne ya 20, na sehemu ya makusanyo hayo sasa imo katika makumbusho ya ethnografia ya Saint Petersburg. Lakini apai alitaja njaa ya miaka ya 1921 na 1922, ambayo iliipiga Bashkiria vibaya sana. Watu waliuza walichokuwa nacho, na marijani ya bibi iligeuka unga. Siwezi kuwalaumu, ingawa mtazamaji wa leo husikitika.

Kashmau ya apai yenyewe imeshonwa upya. Alinionyesha kwa ncha ya sindano mahali uzi wa zamani ulipooza na shanga za plastiki zikajaza pengo, kwa sababu marijani halisi sasa ni ghali mno. Plastiki hizo ni nyekundu kupita kiasi, na zikiguswa hazina ule ubaridi wa marijani. Yeye mwenyewe hazipendi. Aliuliza kama kete bado zinapatikana kwetu na huuzwa bei gani. Nilipomjibu, alikata kipande cha uzi, akakipima kwenye kete moja ya mkiani, akanikabidhi: zisizidi hapo, alisema, na zote ziwe za ukubwa mmoja.