Mbasa wa Mjomba

Mjomba alikuja likizo Aprili 2011 kutoka Milwaukee, mji ulio kando ya Ziwa Michigan, akiwa na begi refu jembamba ambalo Mama alidhani lina bunduki. Kumbe fimbo mbili za kuvulia. Tangu tulipompokea Mbeya mpaka tunateremka Tukuyu kwenye migomba, habari ilikuwa moja tu: samoni. Huko kwao watu hukodi boti pamoja na nahodha wake kwa nusu siku, boti inakwenda taratibu ikikokota mishipi kadhaa, na tufe la risasi linazamisha chambo mpaka kina wanachotaka. Samoni wenyewe si wenyeji wa ziwa lile. Asili yao ni Pasifiki, wakapandikizwa kuanzia 1966 ili wale visamaki vilivyokuwa vimezaliana mpaka vinaoza ufukweni marundo kwa marundo.

"Na sisi tunaye wetu," akasema. "Mbasa."

Hakukosea sana. Mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, hana undugu na samoni, ila wazungu walimwita samoni wa ziwa kwa ule weupe wake wa fedha na tabia ya kupanda mito kwenda kutaga. Miiba yake lakini! Hilo Mjomba alikuwa amelisahau.

Matema, kwenye ufukwe wa ziwa hilo, tulipata boti ya mbao yenye injini. Mjomba akaanza kupatana bei kwa saa. Mzee mwenye boti akacheka, akasema yeye hesabu yake ni lita za mafuta. Kisha akachukua chambo kimoja, akakigeuza kiganjani.

"Mwanangu, hiki si kijiko kilichokatwa mpini?"

Kilikuwa kijiko kweli, kinang'aa, kimening'inizwa ndoano ya meno matatu mkiani.

Tukatoka, Milima ya Livingstone imesimama kushoto kwetu kama ukuta, vilele vimo ndani ya mawingu. Tufe la risasi lilibaki Marekani kwa sababu ya uzito wa mizigo, kwa hiyo Mjomba akafunga jiwe. Mzee akamwambia mbasa anafuata dagaa, na dagaa hawako huko anakowazamishia. Kwa kweli ziwa hili lina kina cha kama mita 700, na sehemu kubwa ya chini maji hayana hewa, samaki haishi. Mjomba akaitikia, "Ndiyo, mzee," akaongeza mshipi.

Saa nzima hatukupata kitu. Halafu, karibu na mto unapoingia ziwani, fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji.

"Mkubwa huyu! Mkubwa!" Mjomba amesimama, boti inayumba, mimi nimemshika mkanda wa suruali.

Mzee akazima injini. Hakutazama fimbo. Alitazama vipande vya kandambili vilivyokuwa vinakuja kwetu kwa mstari juu ya maji, kimoja kimoja. Maboya. Tulikuwa tumenasa wavu wa mtu.

Mwenye wavu alifika na mtumbwi wake, anapiga kasia kwa hasira. Sitayaandika aliyoyasema. Mzee ndiye aliyempoza, kwa Kinyakyusa, taratibu, huku akinyofoa kijiko kutoka kwenye nyuzi zilizokatika. Mjomba alilipa elfu thelathini za kushonea, na sikumwonea huruma. Wavu ulipoinuliwa ulikuwa na mbasa wawili. Akamnunua mkubwa, elfu kumi nyingine, bila kubembeleza bei.

Picha nilipiga mimi, ufukweni. Mjomba ameshika fimbo mkono mmoja na samaki mkono mwingine, anatabasamu. Iko ukutani sebuleni kwake hadi leo, na kila mgeni anasimuliwa habari ya kijiko. Ila ukisogea karibu utaona nyuma ya matamvua ya yule mbasa mstari mwembamba uliozunguka shingo, magamba yamekwanguka, pale jicho la wavu lilipombana.