Fumbata, tokomea: kusoma hadithi fupi neno kwa neno

Riwaya inaweza kumaliza sura nzima ikichora nyumba moja. Hadithi fupi hupewa sentensi mbili tu, kwa hiyo kila neno lina kazi. Ndiyo maana sipendi kuona msamiati ukifundishwa kando na fani, yaani ufundi wa kuijenga hadithi, ikafundishwa siku nyingine.

Soma mara ya kwanza hadi mwisho bila kamusi. Anayesimama kila mstari huikata taharuki, ile hamu ya kujua kitakachofuata, kisha hushindwa kueleza ilivyojengwa. Mara ya pili shika penseli. Maneno manane hadi kumi yanatosha: yanayojirudia, yanayomchora mhusika, na yaliyopo pale mgogoro unapogeuka. Kisia maana kwa muktadha, andika makisio yako, ndipo ufungue kamusi.

Hapo kwenye kamusi ndipo wengi hukwama. "Walimfumbatia" hutalipata kwenye W. Vua wa-, -li- na -m-, ondoa -i- ya kauli ya kutendea (kumfanyia mtu jambo), utabaki na fumbata. Nomino nazo zirudishe kwenye umoja: "ndimi" iko kwenye ulimi, "nyufa" kwenye ufa. Ukitafuta "kuta" za nyumba utaangukia kitenzi cha kukutana na kitu, kumbe ulihitaji ukuta.

Sasa tazama sentensi hii: "Juma akaufumbata ufunguo wa baba yake, akatokomea gizani." Weka "akaushika" na "akaondoka" badala yake, usome tena. Kufumbata ni kushika kwa kufunga kiganja, kwa hiyo Juma anaficha kitu. Kutokomea ni kwenda usijulikane uliko, kwa hiyo msomaji anaanza kujiuliza kama atarudi. Kitenzi cha kwanza kimetupa tabia ya mhusika, cha pili kimezaa taharuki. Jaribio hili la kubadili neno nalithamini kuliko orodha yoyote ya tamathali, yaani mafumbo na mifananisho ya lugha, maana linakuonyesha neno lilichokuwa likifanya.

Msuko, yaani jinsi matukio yanavyofungamana, usiugeuze muhtasari: eleza tukio lipi limesababisha lipi. Dhamira, yaani wazo kuu ambalo hadithi inalisema kuhusu mada yake, iandike kwa sentensi kamili. "Umaskini" peke yake ni mada tu. Kinaya nacho huchanganywa sana na kejeli. Kejeli ni maneno ya kumdhihaki mtu, ilhali kinaya ni mambo kwenda kinyume na matarajio, hata kama hakuna aliyedhihakiwa. Ukidai kuna kinaya, nukuu mstari uliojenga matarajio na mstari ulioyavunja. Ukiupata mmoja tu, rudi kwenye hadithi uutafute wa pili.